Kuzamia na Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupiga Picha Chini ya Bahari

Haya ni maswali ambayo wazamiaji huyarudia botini, vituoni na kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Watamu na Diani hadi Mnemba, Pemba na Mafia. Mengi yanauliza jambo moja kwa njia tofauti: simu niliyonayo itafaa kwa picha za chini ya maji nikiwa nimevaa mtungi wa hewa? Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotokea mara chache, na kila swali lina namba yake ili majibu yaelekezane.

## Mambo ya msingi

1. Simu yangu imeandikwa IP68. Naweza kuzamia nayo bila kasha?

Hapana. Hata kama ni mpya, na hata kama tangazo lilionyesha mtu akiogelea nayo.

Angalia namba zenyewe. Mzamiaji mwenye cheti cha mwanzo cha Open Water cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, anaruhusiwa kufika mita 18. iPhone kuanzia toleo la 12 zimepimwa hadi mita 6 kwa dakika 30. Galaxy S nyingi za Samsung na Pixel za Google zimepimwa mita 1.5 kwa dakika hizo hizo 30. Mbizi ya kawaida huchukua dakika 40 hadi saa nzima, kwa hiyo utavuka kipimo cha kina na cha muda pia. Apple wenyewe wanawaambia wateja wasiogelee na simu wala wasiizamishe kwa makusudi. Kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya ajali: simu imekuponyoka ikaangukia ndooni, au mvua imekukuta njiani.

2. IP68 maana yake nini, na inatofautianaje na IP67 au IP69?

Ni vipimo vya kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili inahusu maji. 7 ina maana simu ilikaa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. 8 ina maana ilipita hapo, lakini kina na muda huamuliwa na mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo sababu simu mbili zenye IP68 zinaweza kutofautiana mara nne: moja mita 1.5, nyingine mita 6. Usiishie kwenye namba ya IP. Soma mstari mdogo ulio chini yake.

9 huwachanganya wengi kwa sababu inaonekana kubwa kuliko 8. Hicho ni kipimo cha kurushiwa maji ya moto kwa nguvu kutoka karibu, na hakisemi lolote kuhusu kina. Simu zenye IP54 au IP64, ambazo ni nyingi kwenye bei ya kati, huvumilia matone tu.

3. Mita 6 za maabara zina tofauti gani na mita 6 za baharini?

Kila mita 10 unazoshuka, maji huongeza mgandamizo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Chukua simu yenye urefu wa sentimita 15 na upana wa 7: kioo chake kina eneo la sentimita mraba 105. Ukifika mita 10, kioo hicho kimebeba zaidi ya kilo 100. Mita 18 ni karibu kilo 190. Mita 30 ni zaidi ya kilo 300. Kinachozuia maji yasiingie ni gundi nyembamba pembezoni mwa kioo, mpira kwenye kitako cha laini, na nyavu ndogo kwenye spika na maikrofoni.

Tena, maabara hutumia maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyotulia na simu mpya isiyoguswa. Wewe unabonyeza vitufe, unakata maji kwa mapezi, unagonga kasha la mwenzako wakati wa kupanda ngazi ya boti. Kila kubonyeza na kila mgongano huongeza mzigo kwenye mpira ule mdogo. Gundi nayo huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa umri. Watengenezaji wenyewe wanakiri kwamba uwezo wa simu kuzuia maji hupungua kadiri inavyotumika.

4. Maji ya chumvi yana ubaya gani zaidi ya maji baridi?

Hupitisha umeme vizuri zaidi, na yakikauka huacha chumvi inayokula chuma. Mahali pa kwanza kuharibika ni tundu la chaji.

Jambo hili limefika hadi mahakamani. Juni 2022, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung ya nchi hiyo ilipe faini ya dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyowapotosha wanunuzi kuhusu simu kadhaa za Galaxy, kuanzia S7 hadi Note 8, kwamba zinafaa kutumika kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini. Tatizo lilikuwa tundu la chaji kuliwa na kutu pale simu ilipochajiwa kabla haijakauka. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple euro milioni 10 kwa kutangaza uwezo wa kuzuia maji bila kueleza wazi mipaka yake, na huku dhamana yao haihusu madhara ya maji.

Chukulia kwamba dhamana haitakusaidia. Simu nyingi zina alama ndogo ndani, aghalabu kwenye tundu la laini, ambayo hubadilika kuwa nyekundu ikiguswa na maji. Fundi wa kampuni huitazama hiyo kwanza.

5. Simu yangu ni ya mtumba, au imewahi kufunguliwa na fundi. Je?

Kuhusu maji, ihesabu kama haina IP yoyote. Ukibadilishiwa kioo au betri, gundi ya kiwandani imekatwa, na mafundi wachache, wawe Kariakoo au Luthuli Avenue, hurudishia gundi maalumu na kuipima.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Ndani ya kasha zuri la kuzamia, simu haiguswi na maji hata tone, kwa hiyo IP yake haina kazi. Simu ya miaka mitatu iliyopita, isiyo na IP lakini yenye kamera nzuri, ikiwa ndani ya kasha la mita 40, ni chombo bora cha kuzamia kuliko simu ya mwaka huu iliyo uchi. Kwa kweli ningekushauri hivyo hasa: tafuta simu ya mtumba ya daraja la juu iwe ya baharini tu. Haina laini, haina programu za benki, haina picha za familia. Siku ikiharibika umepoteza kamera, hujapoteza maisha yako yote ya mtandaoni. Angalia tu betri: iliyovimba au iliyochoka isiingie kwenye kasha lililofungwa (tazama swali la 11).

## Kuchagua kasha na kulitunza

6. Zile pochi za plastiki za kuning'iniza shingoni zinatosha?

Kwa ufukweni, kwenye mtumbwi au kuogelea juu na snokeli, ndiyo. Kwa mtungi, hapana, hata kama imeandikwa mita 30.

Pochi ni laini, na hewa iliyo ndani yake hubanwa kadiri unavyoshuka. Ukifika mita 10 imebaki nusu ya ilivyokuwa juu. Plastiki hujibandika kwenye kioo na kubonyeza kila kitu kwa wakati mmoja, na kuanzia hapo huwezi kuielekeza simu. Mgandamizo wote wa swali la 3 hufika kwenye simu yenyewe, kwa sababu pochi haibebi chochote. Pia mkunjo wa plastiki mbele ya lenzi hufanya picha ionekane kama imepigwa kupitia moshi.

7. Basi kasha la kweli la kuzamia lina sifa gani?

Ni gumu, kiasi kwamba hewa ya ndani inabaki ileile ya juu ya maji hata ukiwa mita 30. Lina oringi, yaani mpira wa mviringo unaoziba mlango, na dirisha la kioo mbele ya lenzi. Yanayojulikana zaidi ni SeaLife SportDiver, la hadi mita 40. DIVEVOLK SeaTouch, la hadi mita 60. Na Kraken, la hadi mita 80. Bei zake ni dola mia kadhaa, kwa hiyo pima simu yako kabla ya kulipa.

Upimaji wenyewe ni huu. Soma urefu, upana na unene wa simu ulinganishe na orodha ya kasha, si jina la simu peke yake, maana matoleo ya Pro Max na Ultra mara nyingi hayaingii. Kisha angalia lenzi zako zimekaa wapi mgongoni na kama zote zinaona kupitia dirisha. Simu yenye nundu kubwa ya kamera katikati ya mgongo inaweza kuingia vizuri na bado lenzi moja ikatazama ukuta wa plastiki. Simu za Tecno, Infinix na Redmi nyingi huingia kwenye makasha ya kubana saizi zote, lakini programu ya kasha inaweza isiendane nazo. Ijaribu programu hiyo kwenye simu kabla ya kununua kasha. Kuipakua ni bure.

Makasha yenye pampu ya kuvuta hewa ndiyo ninayoyaamini zaidi. Unaifyonza hewa kiasi, taa ya kijani inawaka, na ikiwa kuna upenyo taa inabadilika ungali botini.

8. Kwa nini kioo cha kugusa hakifanyi kazi chini ya maji, na kasha linatatuaje?

Kioo cha simu hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme. Maji ya bahari hupitisha umeme na hufunika kioo chote, kwa hiyo simu huona vidole kila mahali au haioni hata kimoja.

Makasha yana njia mbili za kulikwepa hilo. Njia ya kwanza ni vitufe vya nje vinavyoongea na simu kwa Bluetooth kupitia programu ya kampuni. Mawimbi ya Bluetooth hufa ndani ya sentimita chache za maji, lakini ndani ya kasha kuna hewa, kwa hiyo hupita bila shida. Udhaifu wake ni programu yenyewe: ikidai sasisho asubuhi ya safari na mtandao hakuna, siku imeharibika. Ifungue jioni iliyotangulia. Njia ya pili ni utando laini unaokuruhusu kugusa kioo moja kwa moja. Hapo unatumia kamera ya simu na mipangilio yake yote, ila utando huumizwa na kucha, kisu na ncha za mwamba.

Kwa njia zote mbili, kumbuka kuzima simu kujifunga yenyewe. Uso wako uliofunikwa na miwani na regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, hautaifungua. Weka hali ya ndegeni pia, ukiacha Bluetooth ikiwa kasha linaihitaji, ili ujumbe wa M-Pesa na simu za nyumbani zisiingie ungali juu ukajikuta umefungiwa kwenye skrini usiyoweza kuiondoa.

9. Nitajuaje kasha langu ni zima kabla ya kuweka simu ndani?

Lizamishe tupu. Weka karatasi ya tishu kavu ndani, funga, litumbukize kwenye beseni lenye maji kwa nusu saa ukibonyeza kila kitufe. Tishu ikibaki kavu, nenda nalo kwenye mbizi halisi likiwa bado tupu. Mbizi hiyo moja ni mtihani ambao hakuna beseni linaloweza kuutoa, kwa sababu beseni halina kina.

Oringi ndiyo roho ya kasha. Itoe kwa kidole au kijiti cha plastiki, usiitoe kwa pini. Ipitishe kati ya vidole viwili ukisikilizia mchanga au mpasuko, ifute, paka grisi ya silikoni kidogo tu, ile iliyokuja na kasha, kiasi cha kuifanya ing'ae. Safisha na mfereji inamokaa. Unywele mmoja au uzi wa taulo unatosha kuingiza maji. Fanya kazi hii usiku, mezani, kwenye mwanga mzuri. Usiifanye botini, maana upepo na mchanga vitakushinda.

Baada ya mbizi, liloweke kwenye maji baridi kwa nusu saa kabla halijakauka, ukibonyeza vitufe ili chumvi itoke chini yake. Likikauka na chumvi, kitufe kitakwama wiki ijayo.

10. Kwa nini dirisha linafanya ukungu ndani?

Umefungia hewa yenye unyevu. Pwani yetu hewa ni nzito, simu inatoa joto, na kioo kinapozwa na maji. Unyevu hutua palipo baridi. Funga simu ndani ya chumba chenye kiyoyozi, au asubuhi mapema penye ubaridi, na weka vifuko vya silika vikavu. Vifuko vilivyokaa wazi tangu jana havifyonzi tena.

11. Simu ikipata moto ndani ya kasha, kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa zaidi botini kuliko majini. Apple wanashauri simu itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Kasha jeusi lililoachwa kwenye sitaha saa sita mchana hupita hapo haraka, nayo simu hupunguza mwanga wa skrini, hukataa kurekodi, au hujizima. Liweke kivulini, juu yake taulo lililolowa. Likiingia baharini, maji ya nyuzi 25 hadi 30 hulipoza, isipokuwa ukirekodi video ya 4K mfululizo. Rekodi vipande vifupi.

## Kamera yenyewe

12. Nitapimaje kama kamera ya simu yangu inafaa, kabla ya kutumia hela kwenye kasha?

Usianze na megapikseli. Simu ya megapikseli 108 au 200 ikifika penye mwanga hafifu huunganisha pikseli zake na kutoa picha ya kawaida tu. Chini ya maji mwanga huwa hafifu hata jua likiwa utosini.

Fanya jaribio la nyumbani. Usiku, chumba chenye balbu moja, zima hali ya usiku ya kamera, kisha mpige picha mtoto anayecheza au paka anayetembea umbali wa mita moja. Rudia mara kadhaa. Kama nyingi zimetoka na ukungu wa mwendo, samaki wa mita 15 watatoka hivyo hivyo. Hali ya usiku isikudanganye, maana inahitaji mkono uliotulia na kitu kisichosogea, na bahari haitakupa hata kimoja.

Kisha ingia kwenye mipangilio. Unatafuta mambo matatu: hali ya kitaalamu, aghalabu huandikwa Pro, inayokuruhusu kupanga mwenyewe uwiano wa rangi nyeupe (kuiambia kamera cheupe ni kipi ili rangi nyingine zikae sawa), uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW na ambazo simu haijazichakata, na kitufe cha sauti kufanya kazi kama kitufe cha kupigia picha. iPhone za Pro kuanzia 12 zina faili ghafi ndani ya kamera yenyewe, na Samsung za daraja la juu nazo zinazo. Simu nyingi za bei ya kati zina hali ya Pro bila faili ghafi. Hizo zinatosha kuanzia, mradi zimeshinda jaribio la paka.

13. Kwa nini picha zangu zote ni bluu au kijani?

Maji humeza rangi kwa zamu. Nyekundu karibu yote imekwisha ndani ya mita 5 za kwanza, chungwa hufifia kuelekea mita 10, na njano kuelekea 20. Linalosahaulika ni kwamba maji kati yako na samaki nayo yanahesabiwa. Ukiwa mita 8 na samaki yuko mita 4 mbele yako, mwanga umesafiri mita 12 ndani ya maji kabla ya kufika kwenye lenzi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kusogea. Chini ya mita moja kutoka kwa unachopiga, rangi na ukali wa picha hubadilika kabisa, na hakuna simu ya bei yoyote inayoweza kukufidia umbali. Dawa ya pili ni kupanga uwiano wa rangi nyeupe pale pale chini, ukitumia kibao cheupe cha kuandikia au mchanga mweupe, na kurudia kila unaposhuka au kupanda mita chache. Kichujio chekundu husaidia kati ya mita 5 na 20 kwenye maji safi yenye jua, bila taa. Ukiwasha taa, kitoe, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu.

Programu za kurudisha rangi husaidia picha ambayo bado ina chembe ya nyekundu ndani yake. Nyekundu ikiwa haikufika kabisa kwenye kamera, programu inapaka rangi ya kubuni, na utaiona kwa madoadoa ya zambarau kwenye vivuli.

14. Niwashe flashi ya simu?

Izime. Iko karibu mno na lenzi, kwa hiyo huangaza kila chembe inayoelea mbele yako na picha hujaa nukta nyeupe. Ndani ya kasha hugonga pia dirisha na kurudi. Tumia taa ya pembeni iliyowekwa kwenye mkono wa kushikilia taa uliofungwa kwenye kasha, mbali na lenzi, ikielekea upande kidogo. Taa ya lumeni 2,000 ni mwanzo mzuri kwa vitu vya karibu: mkunga shimoni, kamba kwenye anemoni, pweza aliyejikunja.

15. Simu ina lenzi tatu. Ipi nitumie chini ya maji?

Maji hupinda mwanga. Kupitia dirisha bapa, kila kitu huonekana karibu zaidi kwa robo na kikubwa zaidi kwa theluthi. Lenzi kuu ya milimita 24 inakuwa kama ya 32. Ndiyo maana lenzi pana zaidi huonekana kuwa jibu la kila kitu, na kwa kasa, mzamiaji mwenzako au ukuta wa matumbawe ni jibu sahihi. Ila kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, huwa kidogo, kwa hiyo kwenye giza huchoka mapema, na pembe za picha zinaweza kuonyesha ukingo wa kasha. Penye mwanga mdogo rudi kwenye lenzi kuu.

Lenzi ya kuvuta mbali isahau. Inavuta samaki na maji yote yaliyo mbele yake.

Kwenye iPhone 13 Pro na za Pro zilizofuata, simu hubadili lenzi yenyewe ikikaribia kitu. Ndani ya kasha hali hiyo hurukaruka na kuharibu mlengo. Izime kwenye mipangilio kabla ya kufunga.

16. Nipige picha au video? Na nafasi?

Mwanzoni, video. Inasamehe zaidi, na unaweza kuchomoa picha tulivu ndani yake. Kwenye iPhone, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 huchukua takriban megabaiti 170, na kwa fremu 60 takriban 400. Dakika 20 za video kwa fremu 30 ni gigabaiti 3.4. Simu yenye nafasi ya gigabaiti 2 iliyobaki haijajiandaa.

## Usalama wako na wa bahari

17. Ndiyo kwanza nimemaliza kozi. Naweza kuanza kupiga picha?

Subiri. Kipimo ni hiki: unaweza kukaa tuli juu ya mwamba, bila kupanda wala kushuka, bila kupiga mikono, huku ukisoma geji yako? Kama bado, simu itakuzidi. Mwenye kamera husahau hewa, husahau mwenzake, na magoti yake hutua pasipotakiwa.

Matumbawe ya mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, mengine chini ya hapo. Kipande kinachovunjika kwa pezi moja ni kazi ya miaka mingi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Kilichopo kwenye picha nzuri kipo kwa sababu watu walikubali kutokigusa. Kama picha inakudai ushike mwamba, iache picha.

Funga kasha kwa kamba kwenye jaketi lako la kuelea, mikono ibaki huru. Kasha lisifungwe mkononi tu, maana utauhitaji mkono huo siku mwenzako akikosa hewa.

18. Nimeona maji ndani ya kasha nikiwa chini. Nifanye nini?

Usikimbilie juu. Simu hununuliwa tena. Mwonyeshe mwenzako, anza kupanda kwa mwendo wa kawaida usiozidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3 kama ulivyofundishwa. Wakati huo elekeza kasha ili maji yakusanyike kwenye kona iliyo mbali na tundu la chaji.

Juu, fungua taratibu ukiligeuzia pembeni na uso, kwani hewa ya ndani inaweza kuwa imebanwa. Zima simu, usiichaji. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kupata moto saa kadhaa baadaye, kwa hiyo iache wazi mahali pasipo na kitu cha kuungua. Isikae ndani ya begi wala chini ya mto. Hatua za baadaye ziko swali la 23.

19. Simu inaweza kuwa kompyuta yangu ya kuzamia?

Usiitegemee. GPS na mtandao havifiki chini ya maji. Yapo makasha yenye kipima kina chake, lakini betri ya simu inayorekodi video si ya kuaminiwa kukwambia lini upande. Vaa kompyuta halisi mkononi.

## Hali za pekee

20. Simu za kukunja je?

Nisingezipeleka baharini. Galaxy Z Fold3 ya mwaka 2021 ilipata IPX8: maji imepimwa, vumbi haikupimwa. Mchanga wa ufukweni ni adui wa bawaba kuliko maji. Na makasha mengi hayana nafasi ya unene wake.

21. Nataka kupiga papa potwe Mafia. Nahitaji nini?

Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, upande wa Kilindoni, na kwa kawaida utaogelea na snokeli, bila mtungi. Kina ni kidogo na mwanga upo, kwa hiyo kichujio na taa viache. Maji yana planktoni nyingi, ndiyo chakula kilichomleta, na chembe hizo hujaza picha. Tumia lenzi pana, jua liwe mgongoni kwako, piga video. Kasha gumu bado ni bora kuliko pochi, kwa sababu ya kishindo cha kuruka kutoka botini. Usimzuie njia, usimguse, kaa mbali na mkia.

Kwa mbizi za mtungi, majira ya kaskazi hutulia na maji huwa maangavu kuliko wakati wa kusi. Mvua za masika huchafua maji, hasa yanayotazamana na delta ya Rufiji. Na bamvua huleta mkondo mkali kwenye milango ya ghuba. Muulize mwongozaji wako kabla ya kubeba taa na mikono yake.

22. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Masharti ni yaleyale?

Ya kina, ndiyo. Maji baridi ni mepesi kwa takriban asilimia 2.5 tu, na simu haitahisi tofauti. Kutu inapungua, lakini tope na mchanga vinabaki, kwa hiyo oringi itunzwe vilevile. Samaki wadogo wenye rangi wa Kigoma na upande wa Congo na Burundi hukaa penye mawe, pasipo na kina kikubwa, na lenzi kuu kwa karibu ndiyo inayowafaa. Ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, jambo linaloihusu kompyuta yako kuliko simu. Waulize wavuvi wa eneo hilo kuhusu mamba kabla ya kuingia.

23. Simu imelowa. Niiweke kwenye mchele?

Hapana, na Apple nao wanakataza: punje na vumbi la mchele huingia kwenye matundu. Ikiwa imeingia maji ya chumvi, ifute, toa laini, isafishe nje kwa maji baridi machache kama ni ya IP67 au zaidi na haijawahi kufunguliwa, kisha iache penye upepo tundu la chaji likitazama chini. Usiipashe moto, usipulize kwa mdomo. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo na umwambie wazi kwamba ni maji ya bahari, ili aifungue na kuisafisha bodi badala ya kuijaribu kwa chaja.

24. Kwa hela ya kasha, si bora ninunue kamera ndogo ya michezo?

Kwa wengi, ndiyo, hasa wanaotaka video. GoPro HERO Black huvumilia mita 10 bila kasha na 60 ikiwa na kasha lake. DJI Osmo Action 4 hufika mita 18 ikiwa uchi, na Action 5 Pro mita 20. Kwa vitu vidogo vya karibu, TG-7 ya OM System, ya mita 15 bila kasha, inaishinda simu yoyote niijuayo.

Simu hushinda pale unapotaka skrini kubwa ya kuona unachopiga, faili ghafi, na picha tulivu kuliko video. Kama simu yako imepita jaribio la swali la 12, inaingia kwenye kasha lenye pampu, na wewe umepita kipimo cha swali la 17, nunua kasha. Likikosekana moja kati ya hayo, kodi kamera kituoni kwa mbizi mbili tatu kwanza. Vituo vingi vinazo, na mwalimu atakuonyesha oringi yake.